Folda ya mtandaoni ikigoma baada ya Windows 11, msikimbilie kuweka namba 2

Mhariri, salaam kwako na kwa wasomaji wote.

Nimesoma barua ya msomaji mwenzetu aliyelalamika kwamba tangu ofisi yao ihamie Windows 11 ile folda yao ya mtandaoni, ile inayokaa kwenye This PC kama draivu Z na kila mtu anatupia mafaili humo, imegoma kabisa kufunguka, halafu akamalizia kwa furaha kwamba fundi wao kaimaliza kazi fasta kwa kubadilisha namba moja tu kwenye rejistri (ile ghala ya setingi za ndani za Windows) kutoka 1 kwenda 2, na akashauri wengine wafanye hivyohivyo. Mimi pia ni fundi kompyuta, niko hapa Morogoro, na hiyo dawa naijua, inazunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp ya mafundi. Inafanya kazi kweli, sikatai. Ila inafanya kazi kwa sababu inazima ulinzi uliowekwa makusudi, na naona tusipolisema hili gazetini watu wengi watafuata ushauri ule wakidhani wamepona.

Tuanze na hiyo namba yenyewe. Inaitwa BasicAuthLevel, inakaa kwenye rejistri chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE, SYSTEM, CurrentControlSet, Services, WebClient, Parameters. Ukiweka 0 Windows haitumi kabisa jina na pasiwedi kwa njia inayoitwa Basic, ukiweka 1 inatuma kama tu anuani ya seva ni ya https, yani mawasiliano yamefichwa njiani, ukiweka 2 inatuma popote pale hata kama anuani ni http tupu isiyo na s. Windows inakuja na 1, na imekuwa hivyo tangu Vista, yani 2007 huko, wala siyo kitu cha Windows 11. Sasa utauliza, mbona kwenye Windows 10 ilikuwa inafunguka? Kwa ninavyoona mimi kwenye mashine za wateja, jibu mara nyingi ni kwamba kuna fundi alipita miaka ya nyuma akaweka 2 akaondoka zake, hakumwambia mtu wala hakuandika popote. Windows 10 ilipoacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025 watu wakaanza kuhama, na kwa kuwa Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama ndani ya kompyuta) na prosesa ambazo kwa upande wa Intel zinaanzia kizazi cha 8, mashine nyingi za zamani zikakwama na ofisi zikanunua nyingine au zikafomati na kuanza upya. Mashine imekuja safi, ina 1 yake ya kiwandani, seva ni ileile ya http, folda haifunguki, lawama anabeba Windows 11. Lakini seva ilikuwa na hilo tatizo miaka yote, tulikuwa tumelifunika tu.

Kwa nini Windows haitaki kutuma pasiwedi kwenye http? Hapa nitakaa kidogo maana ndo kiini cha barua yangu. Njia ya Basic haifichi pasiwedi yako hata kidogo, inaigeuza tu muonekano kwa kitu kinaitwa Base64 ili herufi zipite vizuri kwenye mtandao. Chukua mtu anayeitwa juma na pasiwedi yake ni siri123. Kompyuta inaunganisha inapata juma:siri123, inageuza inakuwa anVtYTpzaXJpMTIz, hiyo ndo inasafiri kwenda seva. Ukiiangalia unaona ni mafumbo. Sasa nenda kwenye tovuti yoyote ya bure ya kugeuza Base64, bandika hizo herufi, inakurudishia juma:siri123 hapohapo, haihitaji ufunguo wala ujuzi wowote. Ni sawa na kumpa bodaboda namba yako ya siri ya pesa za simu kwenye kikaratasi ulichokikunja mara moja ukamwambia kapeleke. Na haitumwi mara moja tu ukilogini asubuhi, hapana, inaambatana na maombi yanayokwenda seva, ukifungua folda, ukihifadhi faili, ukifuta, kwa hiyo anayesikiliza hahitaji hata kuotea muda.

Na wanaoweza kusikiliza wapo. Mhasibu anafungua draivu Z akiwa kwenye waifai ya hoteli Dodoma, mwingine yuko kwenye hotispoti ya mgahawa, mwingine rauta ya nyumbani haijabadilishwa pasiwedi tangu inunuliwe, jina ni admin na pasiwedi ni admin. Kwenye https hao wote wataona tu kwamba umewasiliana na seva fulani basi. Kwenye http wataona pasiwedi, wataona majina ya mafaili, wataona na yaliyomo ndani. Na tujuane Waswahili, pasiwedi ya folda ndo hiyohiyo ya imeili. Halafu kuna mambo ya sheria, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Folda za ofisi zetu zina nini? Zina nakala za NIDA, mishahara, fomu za wagonjwa, matokeo ya wanafunzi. Siku vikivuja utamwambia nani kwamba fundi aliweka 2.

Basi tufanyeje. Nitaeleza ninavyofanya mimi mteja akiniita, na msomaji yule naomba amsomee fundi wake.

Kwanza kabisa naifungua anuani ya folda kwenye brauza, ileile iliyoandikwa kwenye draivu. Kama brauza nayo haifunguki basi tatizo ni intaneti au seva yenyewe, acha kuhangaika na Windows. Kama inafunguka na kuomba pasiwedi, vizuri, seva ipo hai, ingawa haimaanishi folda nayo itafunguka, maana brauza inaongea na seva kwa maombi ya kawaida ya GET, folda inaongea lugha inaitwa WebDAV, ambayo iliandikwa rasmi 1999 na kurekebishwa 2007, ina maombi yake kama PROPFIND ya kuuliza kuna nini ndani, MKCOL ya kutengeneza folda, LOCK ya kufunga faili ili wawili wasiandike kwa pamoja. Kuna mitandao ya ofisi inaruhusu GET na kuzuia hayo mengine, kwa hiyo brauza inacheka na folda inalia. Kama nina wasiwasi huo naiunganisha laptopu kwenye hotispoti ya simu yangu, ikifunguka hapo ujue mtandao wa ofisi ndo unazuia, kaongee na anayeusimamia.

Halafu naangalia sevisi ya WebClient. Watu wengi hawajui kwamba folda ya mtandaoni kwenye Windows haifunguliwi na brauza wala Explorer peke yake, kuna hii sevisi inafanya kazi nyuma ya pazia, na isipowaka utapata lile kosa la 67 linalosema jina la mtandao halipatikani, ambalo linakudanganya unafikiri umekosea anuani. Fungua CMD (lile dirisha jeusi la kuandika amri) kama admini, andika sc query webclient, ikisema STOPPED andika net start webclient. Ikikataa kuwaka ukaambiwa imezimwa, fungua services.msc uiweke Manual au Automatic. Ila hapo uliza kwanza. Kuna ofisi zinaizima makusudi kwa sababu wahalifu wameshaitumia sana kuilazimisha kompyuta ijitambulishe kwa seva zao, kwa hiyo kama una mtu wa usalama wa mifumo muulize kabla hujaiwasha. Kama ofisi yako haina mtu huyo, na nyingi hazina, basi iwashe kwenye mashine zinazotumia folda tu.

Baada ya hapo ndo naangalia anuani. Kama ni http nasimama hapohapo, siendi kwenye rejistri, napiga simu kwa anayemiliki seva. Dalili yake ni kwamba Windows inauliza pasiwedi tena na tena hata kama umeandika sawasawa, au ukitumia CMD inaleta kosa la 1244 kwamba mtumiaji hajatambuliwa. Watu wanabadilisha pasiwedi mara kibao, wanagombana na mtu wa IT, kumbe Windows haijaituma hiyo pasiwedi hata mara moja.

Kama anuani ni https na bado inagoma, basi asilimia kubwa ya kesi zangu ni cheti, yani kile kitambulisho cha kidijitali ambacho seva ya https inaonyesha kuthibitisha kwamba ndo yenyewe. Hapa napo nitasema kwa urefu maana ndo panapochosha watu. Brauza ikikuta cheti kina kasoro inakuonya na kukupa njia ya kuendelea kwa hiari yako, na watu wameshazoea kubofya endelea bila hata kusoma. WebClient haina hiyo adabu, inakataa kimyakimya au inatoa kosa lisiloeleweka. Kwa hiyo mtu anakwambia mbona kwenye Chrome inafunguka, ndiyo, inafunguka kwa sababu ulibofya endelea mwaka juzi. Angalia vitu hivi. Jina, je, jina lililo kwenye cheti ni sawa na ulilotumia? Ofisi nyingi draivu Z imeunganishwa kwa namba za IP wakati cheti kina jina la seva, hapo haikubali, unganisha kwa jina. Muda, je, cheti kimeisha? Na je, saa ya kompyuta yako iko sawa? Usicheke, kuna mashine zina betri ya CMOS iliyokufa, ukizima umeme inarudi miaka ya nyuma huko, na kwa saa hiyo kila cheti duniani bado hakijaanza kutumika, nimeshakuta watu wamefomati kompyuta kwa tatizo la betri ya bei ya chai na chapati. Mwisho ni aliyekitoa, kama ofisi ilijitengenezea cheti chake yenyewe basi mashine mpya haimjui mtoaji huyo, lazima cheti cha mtoaji kiwekwe kwenye Trusted Root Certification Authorities upande wa kompyuta nzima, siyo upande wa mtumiaji mmoja tu, na hiki ndo kitu kinachosahaulika ukihama mashine kwa sababu kwenye ile ya zamani kilishawekwa na mtu ambaye siku hizi hayupo ofisini.

Kuna na seva za kizee kabisa zinazoongea TLS 1.0 tu (TLS ndo ile njia ya kuficha mawasiliano inayotumiwa na https), ya 1999 hiyo. Mwaka 2021 wanaosimamia viwango vya intaneti waliitangaza rasmi TLS 1.0 na 1.1 kuwa zimepitwa, na 2023 Microsoft wakasema watazizima kwenye Windows mpya. Seva ya namna hiyo haina dawa upande wako, apudeti iende kwenye seva, angalau TLS 1.2 ambayo nayo ipo tangu 2008, siyo kwamba tunaomba kitu cha ajabu.

Pasiwedi za zamani zilizohifadhiwa nazo zinaleta usumbufu. Fungua Credential Manager, tafuta jina la seva, futa, anza upya. Ni jambo la sekunde chache na linatatua kesi ambazo watu wanaona ni uchawi, yani mtu amebadilisha pasiwedi kwenye seva lakini kompyuta inaendelea kutuma ile ya zamani mpaka akaunti inafungiwa.

Halafu kuna hili la draivu kutoonekana. Fundi anafungua CMD kama admini, anaandika net use Z: https://seva.example.com/folda, inasema imefanikiwa, anafungua This PC hakuna kitu, anarudia, inamwambia Z inatumika tayari, anachanganyikiwa. Jamani, draivu iliyounganishwa na admini ni ya admini, mtumiaji wa kawaida haioni. Fungua CMD ya kawaida tu, ile isiyo ya admini, unganisha tena. Na kama njia ya https inaleta shida unaweza kuandika kwa mtindo wa \\seva.example.com@SSL\DavWWWRoot\folda, ni kitu kilekile, ila hiyo DavWWWRoot usiitafute kwenye seva maana haipo, ni neno la kuiambia Windows kwamba anza juu kabisa ya seva.

Kwa watumiaji wa Nextcloud, programu ya seva ya kutunzia mafaili ya ofisi, na ofisi na mashirika kadhaa wameihamia, kosa la kawaida ni kuweka anuani ya ukurasa wa kulogini. Folda ina anuani yake ndefu inayopita kwenye remote.php/dav/files halafu jina lako la mtumiaji, imeandikwa kwenye setingi za ukurasa wa mafaili pale chini, inakili kama ilivyo. Na kama umewasha ulinzi wa hatua mbili, pasiwedi yako ya kawaida haitakubalika, unatengeneza pasiwedi maalum ya kifaa hicho kwenye setingi za usalama.

Sasa tuseme imefunguka, lakini kuna malalamiko mawili yanafuata karibu kila mara. La kwanza ni mafaili makubwa. Windows ina kikomo cha baiti 50,000,000, yani kama MB 47 na ushee, faili likizidi hapo linakataa na kosa la 0x800700DF. Nalo hili watu wanasema Windows 11 imeleta, hapana, ni kwamba kwenye mashine ya zamani mtu alishaongeza. Palepale kwenye Parameters kuna FileSizeLimitInBytes, mwisho wake ni 4294967295, yani GB 4 kasoro baiti moja. Hii unaweza kuibadilisha bila dhambi, halafu ristati WebClient. Mimi hata hivyo huwa siweki mpaka mwisho kwa wateja wanaotumia bando la simu, kwa sababu WebClient ukifungua faili inalishusha lote kwanza ndo inakuonyesha, siyo kipande kipande. Unabofya video ya GB 1 kuangalia tu kama ndo yenyewe, GB 1 ya bando imeondoka. Ukihifadhi mabadiliko linapanda lote tena. Mtu wa ofisi yenye fiba haoni tofauti, lakini afisa wa kilimo aliyeko Mlimba na modemu yake anaona.

Lalamiko la pili ni uzito, folda inafunguka lakini kila kubofya unasubiri mpaka unaenda kuchukua maji unarudi. Hapo nenda Internet Options, Connections, LAN settings, ondoa tiki kwenye Automatically detect settings, maana Windows inakuwa inatafuta proksi (kompyuta ya katikati ya kupitishia intaneti) ambayo haipo. Mara nyingi ni hiyo tu.

Na Word nayo inaweza kukusumbua kivyake. Unaona folda vizuri, lakini ukifungua dokumenti moja kwa moja kutoka seva ya http Word inakataa kwa maelezo kwamba njia ya kulogini siyo salama. Hiyo 2 ya rejistri haisaidii hapo, Office ina setingi zake. Nimeona mafundi wakiendelea kuzima na huko pia, kwenye Office, halafu wanazima onyo la brauza, halafu antivairasi, mpaka mashine imebaki uchi, yote hayo kukwepa kuweka herufi s moja kwenye seva.

Msomaji yule aliandika pia kwamba wengine wameamua kurudi Windows 10. Ukiwa umeapgredi juu ya ileile unazo siku 10 za kurudi kwa kitufe cha Go back, hilo ni kweli. Lakini unarudi wapi? Windows 10 kwa sasa inapata apudeti za usalama kwa waliojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza tu, na kwa watu binafsi mpango wenyewe unakoma tarehe 13 Oktoba 2026. Kurudi kwenye mfumo ulioachwa kwa sababu ya seva ya http ni kuongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Na kuna jambo kubwa zaidi ambalo sijaona likiandikwa kwa Kiswahili. Novemba 2023 Microsoft waliiweka hii sevisi ya WebClient kwenye orodha ya vitu vinavyoachwa, na wakasema haitawaka yenyewe tena kwenye Windows. Haijafutwa, ipo, unaweza kuiwasha kama nilivyoeleza, lakini kitu kikishaingia kwenye orodha hiyo hakiendelezwi tena na siku moja kinaondolewa. Kwa hiyo hata ukifuata yote niliyosema, draivu Z ya namna hii haina maisha marefu. Yanayoachwa siyo WebDAV yenyewe, hapa watu wasichanganye, seva yako itaendelea kuitumia vizuri tu, kinachoachwa ni kile kipande cha Windows kinachoifanya ionekane kama draivu. Ndo maana wateja wangu wapya siwaungi draivu Z tena. Anayetumia Nextcloud namuwekea programu yake yenyewe inayolinganisha mafaili, unachagua folda zipi zishuke kwenye kompyuta, mtandao ukikatika unaendelea na kazi ukirudi zinapanda, na kwa hali yetu ya umeme na intaneti hiyo peke yake inatosha kumshawishi mtu. Anayehitaji kupeleka na kuchukua tu mafaili mara mojamoja namuwekea WinSCP au Cyberduck, zote za bure, zinaongea WebDAV zenyewe bila kuitegemea WebClient, hazina kile kikomo cha MB 47, na zikikuta cheti kina kasoro zinakwambia wazi ni kasoro gani, mimi huzitumia hata kama kipimo, zikifungua na draivu Z haifungui najua tatizo liko kwenye Windows na siyo seva. Wanaopenda CMD wana rclone, hiyo nayo ni nzuri kwa bakapu za usiku.

Kwa wenye seva sasa, maana wengi mnajificha nyuma ya mafundi. Nimeambiwa na mtoa huduma mmoja kwamba https ni gharama, mteja alipie kifurushi cha juu. Vyeti vya Let's Encrypt ni vya bure na vimekuwa vikitolewa kwa umma tangu mwishoni mwa 2015, vimekuwa vikidumu siku 90 na kuna programu inaitwa certbot inavihuisha yenyewe bila mtu kuamka usiku. Unachohitaji ni jina la domeni, na la .co.tz siyo ghali kwa ofisi inayolipa kodi ya pango. Hata seva ikiwa ndani ya ofisi haionekani nje, inawezekana kupata cheti hicho kwa kuthibitisha kupitia DNS (rekodi za mtandaoni za jina lako) ya domeni yako. Na ukishaweka https, funga http isiendelee kupokea pasiwedi, kwa sababu nimekuta seva zina zote mbili na nusu ya ofisi bado inaingia kwa mlango wa zamani.

Naomba pia mhariri, kama itawezekana, kwenye ule ukurasa wenu wa teknolojia mnapochapisha maujanja ya rejistri muwe mnaweka na mstari mmoja wa hiyo setingi inazuia nini, siyo inafungua nini tu.

Kwa ambao mshaweka 2: fungua rejistri kama admini, nenda palepale kwenye WebClient, Parameters, rudisha BasicAuthLevel iwe 1, funga, halafu kwenye CMD ya admini andika net stop webclient kisha net start webclient. Draivu Z ya http itagoma tena, ndiyo, na hapo umpigie simu mwenye seva. Seva ikishapata https muunganishe upya kwa anuani mpya, mfute ile pasiwedi ya zamani kwenye Credential Manager, na kila mtu aliyekuwa anaingia kwa http abadilishe pasiwedi yake, pamoja na ya imeili kama ni ileile. Pasiwedi ibadilishwe baada ya https kuwekwa, siyo kabla, la sivyo mtakuwa mnatuma mpya kwa njia ileile ya wazi.

Wasalaam,
Fundi kompyuta, Morogoro